Mafuta Yaelea, Yameundwa

Wahenga walisema, "Vyaelea, vimeundwa." Walisema maneno hayo juu ya vyombo vya bahari, lakini methali njema haifungwi na bandari moja. Tone la mafuta lielealo juu ya mchuzi limeundwa pia, tena kwa ustadi usioonekana kwa macho. Kila siku watu hulipikia, hulila na hujipaka mwilini, na wachache hujiuliza limeundwa kwa kitu gani na kwa namna gani. Insha hii yakusudia kulichungua tone hilo, kwa sababu asiyejua umbile la kitu hukihukumu kwa sura yake, na hukumu ya sura huweza kumdhulumu mtu katika biashara yake na kumdhuru katika afya yake.

Eldoret, mji uliopewa hadhi ya jiji mwaka 2024, umekaa katika uwanda wa juu wa Uasin Gishu, kiasi cha mita 2,100 juu ya usawa wa bahari. Asubuhi zake ni za baridi, na katika mwezi wa Julai mtu hutoka nyumbani mikono imo mifukoni. Mimi nilizaliwa pwani, nikaja huku kufundisha baada ya kuhitimu chuo cha ualimu. Mtu wa pwani anayehamia Eldoret hujifunza mambo mawili upesi: kuvaa sweta, na kuyatazama mafuta kwa mshangao.

Ingia katika duka lolote la mji huu, utaona mafuta ya kupikia ya namna mbili. Ya kwanza humiminwa kutoka katika chupa. Ya pili huchotwa kwa kijiko kutoka katika mkebe. Mafuta ya mkebe yamekaa siku nyingi katika maisha ya Kenya, hata yakaacha alama yake nje ya jikoni. Gorogoro, kipimo cha kilo 2 kinachopimia mahindi sokoni, asili yake ni mkebe wa mafuta hayo. Basi ni kitu gani kinachoyafanya mafuta haya yamiminike na yale yagande, hali yote yamewekwa katika rafu moja na katika baridi moja?

Mwanakemia wa Ufaransa, Michel Eugène Chevreul, alifungua mlango wa jibu. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1823 alionyesha kuwa mafuta ya wanyama si kitu kimoja kisichogawanyika, ila ni muungano wa gliseroli na asidi za mafuta. Leo twaweza kuuchora muungano huo kama uma wenye meno matatu marefu: gliseroli ni shina la uma, na kila jino ni asidi moja ya mafuta. Jino lenyewe ni mnyororo wa atomu za kaboni zilizoshikana moja baada ya moja.

Kila atomu ya kaboni ina mikono minne. Ile iliyo katikati ya mnyororo hutumia mikono miwili kuwashika jirani zake wa kushoto na wa kulia, na mikono miwili iliyobaki hushika haidrojeni mbili. Kaboni zote zikishika haidrojeni kwa kadiri ya uwezo wao, hapana mkono ulio wazi. Mnyororo huo twasema umeshiba. Lakini kaboni mbili zilizo jirani zikikosa haidrojeni moja moja, mikono yao iliyo mitupu hushikana yenyewe kwa yenyewe, na kati yao panakuwa na kifungo maradufu mahali palipokuwa na kifungo kimoja. Mnyororo wa namna hiyo haujashiba. Huu ndio msingi wa majina tunayoyasikia: mafuta yaliyoshiba na mafuta yasiyoshiba. Kilichoshibisha au kilichokosekana ni haidrojeni, wala maneno hayo hayahusu tumbo la mlaji.

Kifungo maradufu kina tabia yake. Katika mafuta ya mimea kama yalivyotoka katika mbegu, mahali penye kifungo hicho mnyororo hupinda, kama mkono unavyopinda kwenye kiwiko. Mtu aliyewahi kupanga kuni atafahamu maana yake. Kuni zilizonyooka hulala pamoja, ubavu kwa ubavu, na mzigo wake hufungwa ukakaza. Matawi yaliyopinda huacha nafasi kati yake; hata ukiyafunga kwa kamba, mzigo hulegea. Minyororo iliyoshiba hunyooka, hukaribiana na kushikana, ndipo mafuta yakaganda. Minyororo iliyopinda haikaribiani vema, ndipo mafuta yakamiminika.

Na tupime kwa hesabu. Asidi ya steariki, ipatikanayo kwa wingi katika mafuta ya ng'ombe, ina kaboni 18 na imeshiba. Huyeyuka kwenye joto la digrii 69 za sentigredi. Asidi ya oleiki, iliyo nyingi katika parachichi, ina kaboni 18 vile vile, lakini ina kifungo maradufu kimoja; huyeyuka kwenye digrii 13. Asidi ya linoleiki, iliyo nyingi katika alizeti ya kawaida, ina kaboni 18 na vifungo maradufu viwili. Huyeyuka kwenye digrii 5 chini ya sifuri. Asidi ya steariki ina jumla ya atomu 56, na asidi ya oleiki ina 54. Haidrojeni mbili tu zimeondolewa, na kitu kilichokuwa kigumu kama mshumaa kimekuwa majimaji. Jambo dogo lililokaa mahali pake hutawala jambo kubwa.

Viumbe vilitumia elimu hii kabla ya wanakemia kuzaliwa. Mwili wa ng'ombe una joto la digrii 38 hivi, kwa hiyo aweza kubeba mafuta mengi yaliyoshiba bila kukakamaa. Samaki wa maji ya baridi hana joto hilo. Angalibeba mafuta ya ng'ombe, yangaliganda ndani yake na kumzuia kuogelea. Mafuta yake yana vifungo maradufu vingi, nayo hubaki laini katika maji yaliyo karibu na barafu.

Mpaka hapa mwanafunzi aweza kujifanyia kanuni nyepesi: yanayoganda yameshiba, na yanayomiminika hayakushiba. Kanuni hiyo ina faida, lakini ina mtego, na mtego wake wa kwanza ni mafuta ya nazi. Pwani mafuta haya humiminika mwaka mzima. Hata hivyo, karibu sehemu 9 katika 10 za asidi zake zimeshiba, kupita hata siagi. Humiminika kwa sababu minyororo yake mingi ni mifupi. Nusu yake hivi ni asidi ya lauriki, yenye kaboni 12 tu, na mnyororo mfupi una mahali pachache pa kumshika mwenziwe. Mafuta ya nazi huyeyuka karibu na digrii 24. Mombasa joto la kawaida halishuki sana chini ya hapo. Eldoret usiku hushuka hata digrii 10. Kwa hiyo mafuta yale yale, katika chupa ile ile, ni maji Mombasa na ni jiwe Eldoret.

Jambo hili karibu liliharibu jina la mtu. Mama mmoja wa pwani alikuwa akiuza mafuta ya nazi katika soko moja la mji wetu. Alianza biashara yake katika siku za joto, wateja wakampenda. Mwezi wa Julai ulipofika, chupa alizoziuza ziliamka zimeganda, nyeupe kama mafuta ya mkebe. Wanunuzi walimwendea kwa hasira.

"Mama, umetuuzia mafuta ya mkebe kwa bei ya nazi," walimwambia.

"Wanangu, sikutia kitu," akajibu. "Haya ni ya nazi tupu. Kwetu hayagandi."

Alisema kweli, na ukweli wake ndio uliomponza. Ikiwa kwao hayagandi na hapa yameganda, watu walisema, basi yamebadilishwa njiani. Yeye mwenyewe hakujua sababu, na asiyejua sababu hawezi kujitetea. Mtaji wake wote ulikuwa katika chupa zile, na watoto wake walikuwa wakisubiri karo. Baadhi ya watu walitaka aondolewe sokoni kabisa.

Jirani yangu alikuwa mmoja wa wanunuzi. Aliniletea chupa yake jioni, akaiweka mezani, akasema, "Mwalimu, tazama wizi huu." Sikumbishia kwa maneno. Nilimwomba aniachie chupa ile, nikaipeleka katika maabara ya shule.

Wanafunzi wangu wa kidato cha tatu walitayarisha chupa tatu ndogo. Katika ya kwanza walitia mafuta ya yule mama. Katika ya pili walitia mafuta ya nazi niliyoletewa na mama yangu, aliyeyakamua kwa mkono wake. Katika ya tatu walitia mafuta ya mama yangu yaliyochanganywa na mafuta ya mkebe, sehemu mbili kwa moja. Zote ziliachwa zigande usiku. Asubuhi ziliwekwa pamoja katika bakuli la maji, maji yakapashwa moto polepole, na kipimajoto kikatazamwa kwa zamu. Joto lilipopita digrii 24, chupa ya kwanza na ya pili zilianza kulainika pamoja, na baada ya kitambo zikawa safi kama machozi. Ya tatu ilibaki na utusitusi na vipande vyeupe vilivyokataa kuyeyuka. Msichana mmoja aliyekuwa akishika kipimajoto alisema, "Mwalimu, basi mama yule ni mkweli." Hakuna sentensi ya kemia iliyopata kunifurahisha kuliko hiyo.

Jirani yangu alipoelezwa, alinyamaza kidogo. Kesho yake alikwenda sokoni mwenyewe, akanunua chupa nyingine mbele ya watu, na kwa sauti ya kusikika akawaeleza wenzake habari za joto la Mombasa na baridi ya Eldoret. Si wateja wote waliorudi, maana shaka huingia kwa mlango na kutoka kwa tundu la sindano. Lakini mama yule alibaki katika meza yake, na tangu siku hiyo kila mteja mpya humwambia mapema, "Yakiganda, yaweke juani."

Kanuni nyepesi ina mtego wa pili, nao ulitengenezwa na binadamu. Mwanakemia Mfaransa, Paul Sabatier, alionyesha kuwa chembe za nikeli huweza kuisaidia haidrojeni kuingia katika vifungo maradufu. Kwa kazi hiyo alipata tuzo ya Nobel mwaka 1912. Mjerumani Wilhelm Normann aliitumia njia ya namna hiyo juu ya mafuta ya majimaji mwaka 1901, yakaganda, na mwaka 1902 akapata hataza ya ugunduzi wake. Viwanda vilifurahi. Mafuta ya mbegu yaliyokuwa rahisi sasa yaliweza kufanywa magumu kama siagi, yakasafirishwa bila kumwagika na kukaa dukani muda mrefu bila kuvunda.

Lakini haidrojeni ikitiwa kwa sehemu tu, baadhi ya vifungo maradufu hubaki, na baadhi ya hivyo vilivyobaki hugeuzwa umbo. Mwanzoni haidrojeni mbili za kifungo zilikuwa upande mmoja, na mnyororo ulipinda. Baada ya kugeuzwa, moja hukaa upande huu na nyingine upande wa pili, na mnyororo hunyooka. Wataalamu huziita asidi hizi za transi, kutokana na neno la Kilatini lenye maana ya ng'ambo. Ukihesabu haidrojeni za asidi ya oleiki iliyogeuzwa hivyo, utakuta idadi ni ile ile, na kwa hesabu bado haikushiba. Hata hivyo haiyeyuki tena kwenye digrii 13, huyeyuka kwenye digrii 45 hivi. Jina lake ni la yasiyoshiba, na mwenendo wake ni wa yaliyoshiba. Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani.

Mwili wa mtu haudanganywi na jina. Damu ni maji kwa sehemu kubwa, na mafuta hayachanganyiki na maji. Kwa hiyo mwili huyasafirisha mafuta na kolesteroli katika vifurushi vidogo vilivyofungwa kwa protini. Vifurushi vya namna moja hutoa kolesteroli katika ini na kuipeleka sehemu nyingine za mwili. Vikizidi, hupenya katika kuta za mishipa na kuifanya iwe myembamba, mpaka siku moja damu ikakosa njia ya kwenda moyoni au katika ubongo. Vifurushi vya namna nyingine huirudisha kolesteroli katika ini. Asidi nyingi zilizoshiba huongeza vifurushi vya kwanza. Asidi za transi huongeza vya kwanza na kupunguza vya pili, kwa hiyo zadhuru mara mbili.

Kwa sababu hiyo Denmark iliweka sheria ya kuzizuia mwaka 2003, na mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani liliyataka mataifa yote yaziondoe katika vyakula vya viwandani. Shirika hilo lashauri asidi za transi zisifikie asilimia 1 ya nguvu yote tunayoipata katika chakula, na zilizoshiba zisizidi asilimia 10. Si kila mkebe wa leo una asidi za transi. Mafuta ya mawese, ambayo Kenya huyanunua kwa wingi kutoka Malaysia na Indonesia, karibu nusu ya asidi zake zimeshiba kwa asili, nayo huweza kuganda bila kutiwa haidrojeni. Basi anayenunua asome maandishi ya mkebe. Akiona kuwa mafuta yametiwa haidrojeni kwa sehemu, ayaache dukani.

Wanafunzi wangu wengi wametoka katika nyumba ambamo mursik hutunzwa katika kibuyu kwa heshima, na huniuliza kama elimu hii inawakataza maziwa. Swali hilo ni la haki, kwa kuwa theluthi mbili hivi za asidi katika mafuta ya maziwa zimeshiba. Mwaka 1962 daktari A. G. Shaper, aliyefanya kazi Makerere, alitangaza uchunguzi wake juu ya Wasamburu wa kaskazini ya Kenya. Mwaka 1964 George Mann na wenziwe walitangaza wao juu ya Wamasai wa Tanganyika. Jamii zote mbili zilikunywa maziwa kwa wingi, na bado kolesteroli katika damu yao ilikuwa kidogo, na maradhi ya moyo yalikuwa haba. Lakini watu wale walitembea kutwa nyuma ya mifugo, walikuwa wembamba, na hawakuwa na mandazi na soda kando ya maziwa yao. Anayetaka kunywa kama mchungaji hana budi kutembea kama mchungaji. Nami niliyelelewa kwa wali wa nazi naapa kwa haki hiyo hiyo: kumiminika kwa mafuta ya nazi pwani hakuyatoi katika hesabu ya yaliyoshiba, na wali wa nazi ni wa kipimo.

Wala yasidhaniwe mafuta yasiyoshiba hayana ila. Kifungo maradufu kinachoyafanya yamiminike ndicho kinachokaribisha adui. Oksijeni ya hewa huishambulia kaboni iliyo jirani na kifungo hicho, na mafuta huvunda, yakatoa harufu kali. Joto na mwanga huiharakisha kazi hiyo. Mafuta ya alizeti yaliyokaangiwa viazi tangu asubuhi, yakawa meusi na kutoa povu, hayastahili tena sifa aliyoyapa mwenye duka. Yawekwe mahali pa giza, yafunikwe vema, wala yasirudishwe jikoni mara nyingi. Yaliyoshiba hustahimili moto na hewa kwa sababu hayana mlango wazi. Kila umbile lina nguvu yake na udhaifu wake.

Kijana asomaye insha hii hatakuwa mwanakemia lazima. Lakini atanunua mafuta, atawapikia watoto, atasikia matangazo, na huenda siku moja akaombwa aamue kama mtu mwingine ni mwaminifu au mwizi. Akikutana na mafuta, asiulize tu kama yameganda. Aulize yameganda katika joto la kadiri gani, minyororo yake ni mirefu kiasi gani, imenyooka au imepinda, na imetendwa nini kiwandani. Akikutana na mtu, aulize vile vile kabla ya kumshtaki. Kipimajoto ni kitu cha bei ndogo, na jina la mtu likivunjika halinunuliki dukani.